SOMO LA ROBO HII: KOMPYUTA INAPOKATAA KUFUNGUA UKURASA



Kazi nyingi za miradi ambazo zamani zilisafiri kwa basi ndani ya bahasha, siku hizi hupita kwenye kompyuta. Taarifa ya robo mwaka ya mradi wa maji, orodha ya watoto wanaolipiwa ada, maombi ya fedha, hata salio la akaunti ya usharika, vyote hufunguliwa kwenye skrini. Siku ya mwisho ya kutuma taarifa inapofika na ukurasa ukakataa kufunguka, katibu hubaki na mambo mawili ya kuchagua. Aache, taarifa ichelewe na fedha za awamu ijayo zichelewe nayo. Au abofye kila panapobofyeka mpaka ukurasa ufunguke.

Njia hii ya pili ndiyo inayotufanya tuandike somo hili. Mara nyingine ni salama kabisa. Mara nyingine ni kumfungulia mwizi mlango wa hazina ya usharika. Tofauti yake inaweza kujulikana na mtu yeyote anayejua kusoma, bila kuwa fundi. Kinachohitajika ni utulivu, daftari, na kujua swali la kwanza la kujiuliza.

1. Safari ya ukurasa

Kivinjari ni programu tunayoitumia kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Edge au Opera. Unapoandika anwani na kubonyeza kitufe, mambo manne hufanyika kwa kufuatana:

(a) Kompyuta hutafuta njia ya kutoka nje, yaani modemu, ruta au simu yenye bando.

(b) Huuliza namba ya anwani ile. Kwenye intaneti kila kompyuta hujulikana kwa namba. Majina yamewekwa kwa ajili yetu sisi binadamu. Zipo kompyuta maalumu zinazotunza majina pamoja na namba zake, mfano wa kitabu cha simu. Mafundi huziita DNS.

(c) Hugonga mlango wa seva, yaani ile kompyuta inayotunza ukurasa tunaoutaka.

(d) Ikiwa anwani inaanza na https, hudai kitambulisho. Seva hutoa cheti chenye jina la tovuti, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kuisha, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Kivinjari kikiridhika, mazungumzo yote hufumbwa, hata anayesikiliza njiani asipate kitu cha maana.

Hatua tatu za kwanza ni habari ya barabara. Ya nne ni habari ya utambulisho. Hivyo basi, ujumbe wowote wa kosa ukitokea, swali la kwanza ni hili: Je, kompyuta inasema haijafika, au inasema imefika lakini haimwamini iliyemkuta? Tatizo la barabara hutatuliwa kwa subira na kujaribu tena. Onyo la utambulisho huchunguzwa kwanza, na kubofya hufuata baadaye.

2. Kompyuta inaposema haijafika

Tufuate mpangilio huu bila kuruka hatua.

Kwanza, jaribu kufungua tovuti nyingine mbili. Zikifunguka, barabara yako ni nzima na tatizo liko kwenye tovuti ile moja. Angalia kama anwani imeandikwa sawasawa, kisha subiri.

Pili, jaribu kwa kifaa kingine kilicho kwenye mtandao uleule, kwa mfano simu. Ikiwa simu inafungua na kompyuta haifungui, tatizo ni la kompyuta. Ikiwa vyote havifungui, tazama ruta au bando. Ikumbukwe kwamba alama ya Wi-Fi kwenye skrini huonyesha tu kuwa kompyuta imeshikana na ruta. Haithibitishi kuwa ruta yenyewe ina njia ya kutoka. Ofisi inaweza kuwa na alama kamili huku bando likiwa limekwisha tangu jana.

Tatu, zima ruta au modemu, hesabu nusu dakika, washa tena. Matatizo mengi madogo huishia hapa.

Nne, soma herufi ndogo zilizo chini ya ujumbe. Kwenye Chrome na Edge maneno haya yana maana yake:

- ERR_INTERNET_DISCONNECTED: kompyuta haina njia ya kutoka kabisa. Angalia waya, Wi-Fi au modemu.

- ERR_NAME_NOT_RESOLVED: jina halikupatikana kwenye kitabu cha namba. Huenda umekosea herufi, au DNS ya mtandao wenu imesimama.

- ERR_CONNECTION_TIMED_OUT: mlango umegongwa, jibu halikuja. Mtandao ni dhaifu au seva imezimika.

- ERR_CONNECTION_REFUSED: jibu limekuja, nalo ni la kukataa. Mara nyingi tatizo haliko upande wako.

Namba 404 nayo huwasumbua wengi. Maana yake ni kwamba umefika kwenye seva, ila ukurasa huo haupo. Namba 500 au 503 humaanisha seva yenyewe ina matatizo au imezidiwa. Kuzima ruta yako hakutasaidia lolote. Rudi baada ya saa moja.

Anayetaka kujua kama tatizo ni DNS anaweza kufungua dirisha la amri la kompyuta na kuandika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi huku tovuti hazifunguki kwa majina, barabara ipo na kitabu cha namba ndicho chenye hitilafu. Fundi anaweza kuweka DNS nyingine, kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, kwa dakika chache tu.

Wakati mwingine kosa liko mbali sana na ofisi ya usharika. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, baharini katika eneo la Afrika Kusini na Msumbiji. Intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo hakuna ruta ya kuzimwa wala fundi wa kuitwa. Linalofaa ni kuwapigia simu wanaosubiri taarifa na kuwaeleza hali ilivyo.

3. Kompyuta inaposema haiamini

Hapa skrini hubadilika. Huonekana alama ya hatari na maneno yanayosema kwamba muunganisho si wa faragha au si salama, na pembeni kuna kitufe cha kurudi nyuma. Chini yake, kwa herufi ndogo, ipo njia ya kuendelea kwa hatari yako mwenyewe. Usiiguse kwanza. Tafuta sababu kati ya hizi tano.

Saa ya kompyuta. Hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa ni nyepesi kuikagua na hutokea mara kwa mara. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayotunza saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila baada ya umeme kukatika kompyuta huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kila cheti halali huonekana kama hakijaanza kutumika. Utaona ERR_CERT_DATE_INVALID kwenye karibu kila tovuti. Rekebisha tarehe, mwaka na majira ya saa, kisha fungua upya. Likirudi kesho yake, nunua betri. Ni kifaa cha bei ndogo chenye kuweza kusimamisha kazi za ofisi nzima.

Cheti kilichoisha upande wa tovuti. Ikiwa saa yako ni sahihi na onyo liko kwenye tovuti moja tu, huenda mwenye tovuti amesahau kuhuisha cheti. Hili litazidi kuhitaji uangalifu. Tangu Septemba 2020 vyeti vya tovuti havikuruhusiwa kuzidi siku 398. Kwa uamuzi uliopitishwa Aprili 2025, ukomo huo unashushwa hatua kwa hatua: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, hadi kufikia siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Dayosisi, shule na hospitali zenye tovuti zake zihakikishe kuwa uhuishaji unafanyika wenyewe kwa programu, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja.

Jina lisilolingana. ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID humaanisha kuwa kitambulisho kilichotolewa ni cha jina jingine. Pengine ni uzembe wa mwenye tovuti. Pengine umeelekezwa mahali pasipo penyewe. Kwa ukurasa wa benki au barua pepe, ishia hapo.

Mtandao wa ugenini. Hotelini, uwanja wa ndege au kwenye ukumbi wa semina, Wi-Fi hutaka kwanza ukubali masharti au uingize namba ya siri. Kabla hujafanya hivyo, mtandao huo hukuzuia njiani na kukuletea ukurasa wake, na kivinjari hulalamika kwa sababu hakuuomba. Fungua ukurasa wa kujisajili wa mahali pale, maliza masharti, kisha jaribu tena. Onyo likiendelea, tumia bando la simu yako.

Kompyuta au programu iliyozeeka. Kivinjari huwa na orodha ya mamlaka za vyeti zinazoaminika. Kompyuta isiyopata masasisho hubaki na orodha ya zamani. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt kilifikia ukomo wake, na vifaa vingi vya zamani duniani vikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote. Aidha, mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kupokea namna za zamani za kufumba mazungumzo, yaani TLS 1.0 na 1.1. Kompyuta ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, ikiwa bado inatumia kivinjari chake cha asili itakutana na ukuta kila siku.

Katika sababu hizi tano, nyingi hazina mwizi ndani yake. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akizoea kuona onyo kila asubuhi kwa sababu ya betri iliyokufa, hujifunza kulipita bila kusoma. Siku onyo la kweli likija, mkono umekwisha kuzoea. Kwa hiyo kurekebisha saa ya kompyuta ni kazi ya ulinzi.

4. Onyo moja lililosomwa

Mwaka 2011 kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi ilikuwa mojawapo ya mamlaka za kutoa vyeti. Wavamizi waliingia kwenye kompyuta zake na kujitengenezea mamia ya vyeti vya uongo, kimojawapo kikiwa cha google.com, kilichotolewa mwezi Julai. Kwa cheti hicho mtu aliyekaa katikati ya njia aliweza kujifanya yeye ndiye Google na kusoma barua pepe za watu. Vivinjari vingi havikulalamika, kwa sababu sahihi ya mamlaka ilikuwa halisi.

Chrome, hata hivyo, ilikuwa imewekewa ukaguzi wa ziada kwa tovuti za Google. Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja aliyeko Irani aliliona onyo, akashangaa, akalitolea taarifa badala ya kulipita. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa anwani za intaneti zipatazo 300,000, karibu zote za Irani, zilikuwa zimekutana na cheti kile cha uongo. Watengenezaji wa vivinjari wakaifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na mwezi Septemba kampuni ikatangazwa kufilisika.

Tunakileta kisa hiki kwa sababu mtu yule hakuwa na mamlaka yoyote. Alikuwa mtumiaji wa kawaida mbele ya kompyuta yake. Alisoma, akauliza.

5. Kufuli si ushahidi wa uaminifu

Kuna kosa la upande wa pili nalo. Wengi tulifundishwa kwamba alama ya kufuli ikionekana basi tovuti ni ya kuaminika. Kufuli lilimaanisha jambo moja tu, kwamba mazungumzo yamefumbwa na cheti kinalingana na anwani iliyoandikwa. Tapeli naye anaweza kusajili anwani inayofanana na ya benki kwa tofauti ya herufi moja, akapata cheti halali bure. Kwa sababu hiyo Chrome iliiondoa alama ya kufuli kwenye kompyuta mwezi Septemba 2023 na kuweka alama nyingine isiyo na maana ya usalama.

Kwa hiyo soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, hasa sehemu ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya https://. Hapo ndipo jina la mwenye nyumba lilipo. Vema zaidi, andika anwani ya benki mwenyewe au ihifadhi kwenye kivinjari. Usiifuate kutoka kwenye barua pepe.

6. Kinachopotea

Mwizi akipata neno la siri la barua pepe ya mradi, mara nyingi haibi siku hiyo. Husoma kimyakimya. Hujifunza nani anatuma fedha, lini, na kwa lugha gani. Kisha siku moja mfadhili hupokea barua kutoka anwani ileile ya siku zote, yenye salamu zilezile, ikisema kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mwaka 2023 peke yake, malalamiko ya wizi wa aina hii yaliyofikishwa kwa FBI ya Marekani yalihusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9.

Kwa usharika, hasara huwa kubwa kuliko fedha. Kisima hubaki shimo, watoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na kamati nzima hutazamwa kwa mashaka wakati hakuna hata mmoja wao aliyegusa senti.

7. Utaratibu tunaoupendekeza kwa kamati

1. Kuwe na daftari la kompyuta. Kila kosa liandikwe: tarehe, tovuti, maneno kamili yaliyoonekana, na hatua iliyochukuliwa. Fundi hutatua haraka anapopewa maneno kamili kuliko anapoambiwa "mtandao unasumbua".

2. Tarehe na saa ya kompyuta ikaguliwe kila umeme unaporudi.

3. Onyo la utambulisho likitokea kwenye ukurasa wa benki, barua pepe au taarifa za fedha, asiwepo mtu wa kulipita peke yake. Katibu na mtunza hazina washauriane, na kazi isimame mpaka sababu ijulikane.

4. Jaribu njia nyingine kabla ya kupita onyo: bando la simu, kivinjari kingine, au kompyuta nyingine yenye masasisho. Onyo likitoweka kwenye njia nyingine, tatizo liko kwenye mtandao au kompyuta ya kwanza. Likibaki kila mahali, mpigieni simu mwenye tovuti kwa namba mnayoijua tangu zamani.

5. Dirisha likijitokeza ghafla na kusema kompyuta ina virusi na kwamba upige simu au upakue programu, lifunge. Kivinjari hakikuombi upige simu.

6. Badiliko lolote la akaunti ya benki lithibitishwe kwa sauti, kwa simu, na watu wawili wanaofahamiana.

8. Neno kwa wafadhili

Tunashukuru kwa kompyuta zinazoletwa. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kusafirisha kompyuta iliyotumika, ulizeni kama bado inapata masasisho. Huduma ya kawaida kwa Windows 7 iliisha tarehe 14 Januari 2020, na ile ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11, lakini zinaweza kuwekewa Linux ya bure na kufanya kazi za ofisi kwa miaka mingine. Pili, bajeti ya mradi iwe na fungu dogo la matunzo: betri, bando, na siku moja ya fundi kila robo mwaka.

Na mkipigiwa simu na katibu anayesema, "Taarifa itachelewa siku mbili, tumeona onyo la usalama na tunalichunguza", mpokeeni vizuri. Huyo analinda fedha zenu. Akiogopa kukemewa kwa kuchelewa, ataipita hatari ili awahi.

9. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta ya ofisi yetu inaonyesha tarehe gani leo? Nani huikagua?

2. Skrini imeandika ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Je, ni tatizo la barabara au la utambulisho? Tuanze na hatua ipi?

3. Mtunza hazina yuko semina mjini. Wi-Fi ya ukumbi inaleta onyo anapofungua akaunti ya usharika, na malipo ya mafundi wa kisima ni leo. Afanye nini?

4. Tovuti ina kufuli na haikuleta onyo lolote, lakini imefunguliwa kutoka kwenye barua pepe. Tutazame nini kabla ya kuandika neno la siri?

5. Ni nani katika kamati yetu anayeruhusiwa kuamua kwamba onyo lipitwe, na je, jambo hilo limeandikwa mahali popote?

Tunashauri swali la tatu na la tano yajibiwe kwa maandishi kwenye kumbukumbu za kikao. Kamati ambayo itapenda kufanya somo hili kwa vitendo, kompyuta ikiwa mezani, iwasiliane na ofisi ya miradi ili tupange siku ya kuja.